Kijito au Mfereji

Tumati,
9 Juni 2025

Kaka Gidion,

Shikamoo. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Barua hii anakuletea Shabani wa Dongobesh, yule mnunuzi wa vitunguu saumu ambaye hupita Katesh kila baada ya wiki mbili. Simu usipige. Tangu homa ya mwaka juzi iondoke na masikio yangu, simu ikilia namwona tu mke wa mwanangu Emanuel, Brightness, akiikimbilia, na ukiniambia jambo kupitia kwake linanifikia limepungua. Kwa karatasi nakupata mzima.

Nina shida. Jumanne walikuja watu watatu wa ofisi ya maji pamoja na mwenyekiti wetu wa kijiji, Hhando. Mkubwa wao ni binti mdogo anaitwa Irene. Wamepigilia vigingi vyenye rangi nyekundu shambani kwangu. Wanasema sheria ndogo mpya imepita: mita sitini kutoka kwenye maji, huku na huku, hakuna kulima, hakuna zizi, hakuna choo, hakuna kufyatua matofali. Maji ya kijito yanaingia kwenye tanki la bomba la chini, kaya zote za bondeni zinakunywa humo, na zahanati pia. Irene aliniandikia hayo yote kwenye daftari langu kwa mwandiko mzuri. Sina ugomvi naye.

Lakini kaka, karibu shamba langu lote la vitunguu saumu limeingia ndani ya vigingi. Nimebakiwa na kipande cha juu chenye mawe. Vitunguu vina miezi miwili tu ardhini, na wamenipa mpaka mwisho wa Julai niwe nimevitoa.

Tena kuna hili linaloniumiza zaidi. Shamba la chini, lile lililokuwa la marehemu mzee Yoakimu, ambalo sasa analima yule Xavery wa Karatu kwa mashine ya kuvuta maji, halina hata kigingi kimoja. Kijito ni kilekile. Kikitoka kwangu kinavuka barabara, kinapita kwake, ndipo kinafika kwenye tanki. Mimi natumia samadi. Yeye anapuliza dawa kila wiki, na vibarua wake wanasuuza solo, yale mabomba ya dawa ya kubeba mgongoni, humohumo kwenye maji. Nilimwuliza Hhando kwa nini. Alipanda pikipiki yake akaondoka.

Wewe umepima ardhi ya serikali miaka thelathini. Niambie: mita sitini zinapimwa kuanzia wapi? Na inawezekanaje sheria ikaruka shamba moja halafu ikaendelea na safari?

Mdogo wako,
Fransiska


Katesh,
21 Juni 2025

Mdogo wangu Fransiska,

Marahaba. Shabani amekaa hapa uani anakunywa chai akinisubiri, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Pole sana. Lakini sheria hiyo ni halali na ina faida. Kipimo huanzia ukingoni, pale maji yanapofika mvua ikijaa, si pale yalipo leo. Usijipimie kutoka kwenye maji ya Juni ili ujipatie hatua kumi za bure. Ukingo una alama zake: udongo umekatika, mizizi iko wazi. Hapo ndipo unashika mwanzo wa kamba.

Ushauri wangu ni kwamba uvitoe hivyo vitunguu kabla hawajaja kukuaibisha. Familia yetu inajulikana hapo. Baba aliheshimiwa na kijiji kizima kwa mambo ya maji. Ukitii wewe wa kwanza, wengine watafuata.

Kuhusu shamba la chini, usijiingize. Ramani ya matumizi bora ya ardhi ina maeneo ya aina nyingi na kila eneo lina sababu yake. Waachie wataalamu. Wewe ni mjane, unaishi na majirani hao kila siku, usijitafutie maadui kwa kitu usichokijua.

Nimekuwekea sweta kwenye mfuko. Msalimie Brightness.

Kaka yako,
Gidion


Tumati,
3 Agosti 2025

Kaka Gidion,

Shikamoo. Sweta imenitosha, asante.

Nimeng'oa. Tulianza Jumatatu mimi na Brightness, tukamaliza Alhamisi. Vichwa vilikuwa vya ukubwa wa kidole gumba, ganda bado bichi, vitunguu visivyoweza kuhifadhiwa hata mwezi. Shabani alivitazama akatikisa kichwa, akachukua kidogo kwa kunionea huruma. Vingine tunakula, vingine nimegawa, vilivyobaki vinaoza kwenye kona ya zizi. Kamba niliishika pale uliposema, kwenye mizizi iliyo wazi. Ikanitoa hatua nne zaidi ya zile za Irene. Nikasogeza kigingi mwenyewe kuelekea kwangu. Brightness alidhani nimechanganyikiwa.

Sikia sasa kilichofuata. Siku sita baadaye mbuzi wangu wawili walishuka kunywa chini ya barabara, upande wa Xavery. Walirudi wanayumba, povu mdomoni. Kabla ya jua kuzama wote wawili walikuwa wamekufa. Nilimpelekea Irene habari. Alikuja kesho yake, akajaza maji kwenye chupa, akaenda nazo. Baada ya siku tatu akarudi na mnyororo na kufuli, akalifunga bomba la chini. Sasa akina mama wote wa bondeni wanapanda na ndoo hadi chemchemi ya juu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Zahanati inaletewa maji kwa punda. Na Xavery? Mashine yake inavuta maji kama kawaida. Siisikii, ila naona moshi wake.

Basi Ijumaa ukaitishwa mkutano wa kijiji. Nilikaa mbele, Brightness kando yangu na daftari. Unajua tunavyofanya: yeye anaandika kinachosemwa, mimi nasoma. Nikasimama. Siku hizi sijui sauti yangu iko wapi, Brightness anasema nilipiga kelele. Nikauliza, "Shamba la chini ni la nani hata sheria inaliogopa?"

Kaka, watu walicheka. Si wote. Wengine walitazama chini, akina mama wakajifunika mdomo kwa kanga. Mwenyekiti akasema kitu kirefu, na wote wakageuka kunitazama mimi. Nikatazama daftari. Brightness alikuwa ameandika mstari mmoja: "Mwenyekiti anasema swali litajibiwa na wataalamu." Mstari mmoja kwa maneno marefu vile! Nikakaa. Nadhani walikuwa wanacheka uziwi wangu, kwamba bibi anauliza jambo lililokwisha kujibiwa mbele yake.

Nimechoka kutii peke yangu. Njoo, hata kwa siku moja. Wewe wakikuona watasema kweli.

Mdogo wako,
Fransiska


Katesh,
16 Agosti 2025

Fransiska,

Marahaba. Pole kwa mbuzi. Kuja siwezi kwa sasa, goti limevimba.

Kicheko cha Hhando usikitie moyoni. Mdomo wake umekuwa hivyo tangu tukiwa wadogo.

Nikueleze jambo moja ili utulie. Kutoka barabarani kwenda chini, ile njia ya maji imeandikwa kwenye ramani kuwa mfereji wa kuchimbwa. Sheria inataja mto, kijito, chemchemi na bwawa. Mfereji haitaji. Na ni kweli ulichimbwa: baba na wenzake waliuchimba mwaka 1974, sote tunalijua hilo. Kwa hiyo Xavery hajavunja sheria yoyote. Hilo la kusuuza solo ni la kuwaonya vibarua tu.

Nakuomba, kama kaka yako, usiulize tena mkutanoni.

Gidion


Tumati,
30 Agosti 2025

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu ndivyo mama alivyotulea. Leo haijatoka moyoni.

Mimi sikukuandikia nani alicheka. Niliandika kwamba watu walicheka. Habari za Hhando umezipata kwa nani?

Nilikuwa bado najiuliza hilo Alhamisi, Shabani alipokuja. Shabani hana hila. Anajua nasoma midomo kidogo, kwa hiyo husema polepole. Akaniambia, "Mama, nashuka kwanza kupakia kwa kaka yako, nikirudi nachukua barua."

Nikamwambia, "Kaka yangu yuko Katesh, utapakia nini kwake?"

Akaonyesha kwa mkono chini ya barabara.

Nikamwambia arudie. Akaanza kurudia, na katikati nikauona uso wake unabadilika. Nikampa kijiti, nikamwambia aandike chini. Akaandika kwenye vumbi: GIDION. Kisha akafuta kwa kiatu, akaniomba samahani mara tatu, maskini, kana kwamba ni yeye aliyenikosea.

Nikamwita Brightness. Nikafungua daftari ukurasa wa siku ya mkutano, nikamwambia aandike alichokiacha. Akakataa kwa kichwa. Nikamwambia, "Wewe ndiye masikio yangu. Ukianza kunichagulia cha kusikia, mimi nimekwisha." Akaandika huku analia. Nakunakilia:

"Mwenyekiti alisema: Mama Emanuel, unatuuliza sisi? Muulize kaka yako. Shamba ni la Gidion, alilinunua kwa watoto wa mzee Yoakimu, Xavery amekodi tu. Na maelezo ya ramani, yale ya kusema huu ni mfereji, ameyatoa Gidion huyohuyo."

Kwa hiyo nilisimama mbele ya kijiji kizima nikauliza kwa kelele shamba ni la nani, na kila mtu alijua isipokuwa mimi. Watoto walijua. Shabani alijua. Nikajibiwa mbele ya watu nikakaa chini kama mtu ambaye hajajibiwa.

Na wewe ulijua siku ulipoandika nitii wa kwanza. Ulikuwa unanisomesha mahali pa kushika kamba! Nimeng'oa vitunguu vyangu kwa maneno yako, nikasogeza kigingi kwa maneno yako, na wewe uko ng'ambo ya barabara na mashine yako ya kuvuta maji. Mbuzi wangu wamekufa kwa maji yanayotoka shambani kwako, nawe ukaniandikia pole.

Sasa kuhusu mwaka 1974. Sote tunajua, umesema. Wewe unajua nini? Ulikuwa bweni Singida. Ulirudi Desemba ukakuta kazi imekwisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi, mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea uji. Maji yalikuwepo, kaka. Mvua ya mwaka ule iliyaziba kwa matope na matete, yakawa yanasambaa na kuozesha mahindi ya watu. Baba na wenzake walizibua. Walifuata njia ileile ya maji hadi chini, wakapanua. Kabla ya hapo mimi na mama tulikuwa tunachota palepale, na chini ya mawe tulikuwa tunakuta kaa wadogo. Mfereji gani unakuwa na kaa kabla haujachimbwa?

Irene anatafuta wazee walioona kazi ile. Mkutano ni tarehe 22 Septemba. Nimempa jina langu.

Fransiska


Katesh,
13 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sitakudanganya tena.

Shamba nililinunua mwaka niliostaafu. Sikukuambia kwa sababu nilijua ulilitamani kwa ajili ya Emanuel, na watoto wa Yoakimu walikuja kwangu kabla ya kuja kwako. Nilijiambia nitakuambia Krismasi. Krismasi ikapita, ikaja nyingine, na jambo ukiliweka hivyo linazidi kuwa gumu kulitoa. Nilitaka kujenga hapo, nizeekee nyumbani. Magoti yakanikatalia kulima, nikamkodishia Xavery.

Walipoandaa ramani ya matumizi ya ardhi waliniita nitoe maelezo, kwa kuwa nimezaliwa hapo na ni mpimaji. Xavery alikuwa ameniambia wazi kwamba akikosa maji anaondoka. Tulipofika barabarani kijana aliyekuwa anaandika akaniuliza, "Mzee, kutoka hapa kwenda chini tuandike kijito au mfereji?" Nikasema mfereji. Ilichukua muda mfupi kuliko kukuandikia sentensi hii. Na ninaapa, wakati ule nilikuwa nimejiaminisha kwamba ni kweli. Si watu husema "mfereji wa akina baba"?

Kuhusu dawa, sikujua wanasuuza humo. Ningejua ningekataza.

Sasa nisikilize. Ukisimama useme kwamba maelezo yale si ya kweli, wataandika kwamba mimi, mtumishi mstaafu, nimedanganya ofisi ya serikali. Jina hilo ni langu na ni lako. Mwambie tu Irene kwamba ulikuwa mdogo, hukumbuki vizuri. Hakuna atakayekulaumu, una miaka sitini na moja. Xavery atamaliza msimu huu, kisha mimi mwenyewe nitalipanga kimyakimya.

Mimi ni kaka yako mkubwa. Sijawahi kukuomba kitu.

Gidion


Tumati,
28 Septemba 2025

Mjomba Gidion,

Shikamoo. Mimi ni Brightness, mke wa Emanuel. Mama hajui kwamba naandika. Barua yako ya mwisho aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya godoro, na hakutaka kuijibu. Alisema jibu utalisikia.

Nimeona ni vizuri ulisikie kama lilivyokuwa, maana nimeshajifunza ubaya wa kufupisha.

Watu walijaa. Xavery alikuja na gari. Mama alivaa sweta uliyomletea, akasimama, akaeleza kazi ya mwaka ule kuanzia siku ya kwanza. Sauti yake ilifika hadi barabarani. Alisema maji yalikuwepo kabla ya jembe. Akataja majina ya wanaume kumi na mmoja waliokuwa wanachimba na mahali kila mmoja alipokuwa amesimama. Halafu akasema, "Kaka yangu Gidion hakuwepo, alikuwa shule. Alichosema amekisema bila kuona." Mjomba, hakusema umedanganya. Nilikuwa karibu yake, nilisikia kila neno. Alisema hukuona.

Xavery akauliza, "Mtoto wa miaka kumi anaweza kukumbuka nini?" Niliandika kama alivyosema. Mama akasoma, akamjibu, "Nakumbuka kwa sababu niliteleza nikatumbukia humo na sufuria ya uji, baba akanitoa kwa kunishika mguu. Na uji wote ukaenda kwa kina Yoakimu." Watu wakacheka. Safari hii niliandika, "Wanacheka, wamefurahi," na mama naye akacheka. Baada ya hapo wazee wawili wakanyoosha mikono wakasema ni kweli, walikuwepo.

Hhando alisimama akasema ramani imeshagongwa muhuri. Irene akamwambia yeye amepigilia vigingi kwa kufuata ramani aliyopewa, na kama ramani ina kosa anataka kosa lirekebishwe. Kijiji kimekubaliana kwamba ni kijito. Muhtasari umeandikwa. Tulidhani imekwisha.

Haijaisha. Juzi Irene alirudi kutoka wilayani amekasirika. Wamemwambia muhtasari wa kijiji hautoshi, anatakiwa aliyetoa maelezo ya kwanza ayafute mwenyewe kwa maandishi, au wasubiri ramani ipitiwe upya baada ya miaka mitano. Mpaka hapo Xavery anaendelea na bomba linabaki na kufuli. Leo nimepanda chemchemi ya juu mara mbili. Mama mmoja mjamzito alianguka na ndoo pale kwenye mawe. Ni mzima, lakini tuliogopa.

Mimi ni mkwe tu, si mahali pangu kukuambia la kufanya. Ila mimi nilimficha mama maneno kwa kumwonea huruma, na nilipoyaandika nilijua nilikuwa najihurumia mwenyewe. Nakuambia hivyo tu.

Wako katika familia,
Brightness


Katesh,
25 Oktoba 2025

Mdogo wangu Fransiska,

Hukujibu barua yangu, na ulifanya vizuri.

Nimekwenda wilayani mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa faili liko kwa afisa ambaye yuko semina. Nilikaa kwenye benchi hadi saa tisa. Mara ya pili afisa alikuwepo, akaniuliza, "Mzee, unafuta maelezo yako mwenyewe? Kwa faida gani?" Nikamweleza. Akasema hakuna fomu ya mtu kujifuta, kwa hiyo niandike barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji. Nikamwambia mimi naishi Katesh. Akasema basi ipitie Katesh. Katesh wakasema si eneo lao. Miaka thelathini nilikuwa upande wa ndani wa meza ile, na sasa nakumbuka nyuso za watu niliowaambia "njoo kesho".

Mara ya tatu sikuomba fomu. Niliandika kurasa mbili, nikaeleza kwamba mwaka 1974 sikuwepo, kwamba nilitaja mfereji nikijua shamba linalonufaika ni langu, na kwamba shahidi aliyeona ni wewe. Nikatia sahihi, nikaweka dole gumba juu yake ili wasiseme haitoshi. Afisa alisoma, akaniambia taratibu, "Mzee, hii inaweza kukuletea matatizo." Nikamwambia aigonge muhuri wa kupokelewa. Akagonga.

Xavery nimemwambia aondoe mashine. Amenitukana sana kwenye simu, amesema atanipeleka baraza la ardhi, na ana haki, mkataba ulikuwa haujaisha.

Irene amenipigia. Vigingi vya shamba la chini vitawekwa tarehe 12 Novemba. Amesema mwenye shamba anatakiwa awepo. Nitakuja. Sijui kama nifikie kwako au kwa Hhando.

Gidion


Tumati,
23 Novemba 2025

Kaka Gidion,

Shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu siku ile hatukuzungumza, na sitaki ubaki na mawazo yasiyo sahihi.

Nilikuona ulivyoshuka kwenye pikipiki na goti lako. Nilikuona unashika kamba ukingoni, pale kwenye mizizi, na kuikaza mpaka ikaingia ndani ya eneo ulilotaka kujenga nyumba. Irene alikuwa tayari kukuachia pembe ile ya juu, Brightness aliniandikia. Ulikataa. Hhando alisimama mbali amekunja mikono. Ulipomaliza ulikuja kwangu, ukala, na mimi nilikuwekea chakula nikatoka nje. Kuweka chakula haikuwa kusamehe. Na kutoka nje haikuwa kukufukuza. Nilikuwa sijui niweke wapi uso wangu.

Nimekasirika bado. Nikipanda chemchemi nakasirika upya kila hatua. Bomba halijafunguliwa. Irene anasema maji lazima yapimwe mara mbili na yawe safi mara zote mbili. Mara ya kwanza yamekuwa safi, jibu lilikuja Jumatano. La pili linasubiri mvua zianze, ili waone mvua itashusha nini kutoka kwenye udongo ule. Wamesema Januari, labda Februari. Xavery ameacha magunia ya dawa kibandani, matupu na mengine nusu, na hakuna ofisi inayokubali kwamba kuyaondoa ni kazi yake. Nimewaandikia watatu. Mmoja amejibu kwamba amepokea.

Vigingi viwili vimeng'olewa tayari, na hatujui ni nani aliyeving'oa. Brightness na akina mama wamevirudisha. Mimi kipande changu cha juu nimekitoa mawe, nitajaribu njegere.

Sasa kitu kimoja. Ulipokuwa unaondoka ulinishika mkono pale mlangoni ukasema jambo. Pikipiki ilikuwa inakusubiri, Brightness alikuwa amekwenda zizini, na wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, sikuuona mdomo wako. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa.

Kama ulikuwa unaniaga tu, hakuna haja ya kunijibu. Lakini kama ulisema lile ninalodhani ulisema, basi halijanifikia bado. Liandike. Kwa herufi kubwa, maana miwani yangu imelegea, na utie sahihi yako. Shabani atapita kwako Jumamosi. Nimemwambia asiondoke bila bahasha, hata akinywa chai hadi jioni.

Mdogo wako,
Fransiska